Mbona wanakushtukia ukipoteza sarafu?

Wengi wanaokuja kwenye darasa letu la mazingaombwe ya sarafu hapa Mbeya hawaanzi sifuri. Wameshaangalia video, wanajua sarafu inafichwa wapi, nyumbani mbele ya kioo inapotea vizuri kabisa, alafu siku ya besdei ya mtoto wa dada pale Soweto wanaifanya mbele ya watu na katoto ka darasa la tatu kanapiga kelele "ipo mkono ule!" na kweli ipo mkono ule. Basi mtu anatufata anauliza vidole vyangu vina shida gani. Jibu letu karibu mara zote ni kwamba vidole vyako havina shida, shida iko kwenye mkono mwingine, ule ambao hauna kitu.

Chukua zoezi tunaloanza nalo. Sarafu moja ya mia tano, umeishika kulia kwa ncha za vidole, mkono wa kushoto unakuja unaichukua, unafumba, unapuliza, unafumbua hamna. Kwa ndani kilichotokea ni kwamba kushoto haijachukua chochote, sarafu imebaki kulia imelala kwenye shina la vidole viwili vya katikati. Sasa mwanafunzi akili yake yote anaipeleka kulia kwenye kuficha, mkono wa kulia unakakamaa, dole gumba linasimama kama limetoka kwenye jointi, na wa kushoto unapita haraka haraka ukiwa umefumba ngumi tupu ambayo hata mtu wa nyuma anaona haijabeba kitu. Hiyo ngumi ndo inamsema.

Dawa yake ni rahisi ila inachosha: ichukue kweli. Weka simu ijirekodi, alafu chukua ile sarafu toka kulia kwenda kushoto kweli kweli, bila kuficha chochote, rudia mpaka usahau kama kamera ipo. Baadae kaa uangalie. Utaona vidole vya kushoto havifumbi vyote, vinaacha nafasi ya sarafu. Utaona macho yako yanaifata sarafu inakoenda, na ule mkono wa kulia ukishatoa mzigo wake unashuka wenyewe taratibu unapumzika pembeni ya mguu, hakuna anayeurudisha nyuma kama mtu aliyeungua. Ukishajua wewe unachukuaje sarafu, hapo ndo ujirekodi ukidanganya, uweke video mbili uzilinganishe. Zikifanana mpaka mama yako hajui ipi ni ipi, umefika. Vijana wengi hili zoezi wanaliruka kwa sababu halina utamu, wanataka waende kwenye mchezo wa sarafu nne na glasi, na sisi tunawarudisha hapa hapa kila wiki bila kuchoka maana nusu ya kazi yote iko hapa.

Kuhusu macho tusikupitishe juu juu. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land kule Uingereza walionyesha watu video ya mtu anarusha mpira juu, anaudaka, anarusha tena, alafu mara ya mwisho anajifanya kurusha tu mpira umebaki mkononi. Watu wengi walisema wameuona mpira unapaa, na ilikubali zaidi pale mrushaji mwenyewe alipoangalia juu kama vile anaufata. Kwa hiyo ukiangalia mkono wako wa kulia "kuhakikisha" sarafu imekaa, umeshawaonyesha watu wote pa kuangalia. Iamini tu. Angalia kushoto, tena uangalie kana kwamba kuna kitu ndani.

Na kioo tunakishauri kwa siku za mwanzo tu. Kuna kitu karibu kila mtu anakifanya bila kujua, sekunde ile anayoficha anapepesa macho, mwili wenyewe unakwepa kuona uongo wake. Kwenye kioo huwezi kujiona umefumba macho, utasema safi imepita, simu ndo itakuonyesha. Alafu simu unaweza kuiweka chini. Hapa kwetu shoo nyingi za watoto wanakaa kwenye mkeka, wewe umesimama, maana yake wanakuangalia toka chini kwenda juu na kiganja unachodhani kimefichwa wao wanakiona chote. Weka simu sakafuni pale atakapokaa mtoto wa mbele kabisa, rekodi, utashangaa. Suluhisho ni kupiga goti moja au kukaa kwenye stuli, mikono ishuke mpaka usawa wa macho yao.

Sasa sarafu yenyewe. Vitabu na video nyingi zinaongelea nusu dola ya Marekani ambayo ina upana wa milimita 30.6, sisi hatuna hiyo na wala huhitaji kuagiza. Mia tano yetu, hii yenye nyati iliyoanza kutumika 2014, inatosha kabisa japo ni ndogo kidogo, na kwa mikono ya mabinti na vijana wadogo ndo inakaa vizuri zaidi. Tafuta ambayo kingo zake hazijalika. Ina tabia moja tu ya kuidhibiti, ina kelele, mbili zikigusana mkononi mtu wa kiti cha tatu anasikia, kwa hiyo kama zoezi lako lina sarafu zaidi ya moja fanyia mazoezi redio ikiwa imezimwa. Kalia kitanda au tandika blanketi mezani, maana zitaanguka sana mwanzoni na kuziokota uvunguni kunamaliza hamu.

Kuna njia nyingine ya kuficha, kubana sarafu katikati ya kiganja, na hiyo ndo inawatesa wengi huku kwetu na sababu kubwa ni hali ya hewa. Sarafu inashikwa na nyama mbili, ile ya chini ya dole gumba na ile ya upande wa kidole kidogo, unaibana kidogo sana, ukibana sana vidole vinakakamaa. Inategemea ngozi iwe na unyevu kiasi. Sasa mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, na Njombe na Makambako ndo usiseme, baridi na upepo vinakausha mikono inakuwa kama karatasi, sarafu inateleza inaanguka, mtu anadhani amesahau alichojifunza. Osha mikono kwa maji ya vuguvugu, paka mafuta ya mgando kidogo sana nusu saa kabla, alafu futa. Yakizidi nayo inateleza. Mikono ikiwa ya baridi usianze shoo, ishike kikombe cha chai kwanza. Na sweta au jaketi, kunja mikono mpaka kwenye viwiko kabla hujagusa sarafu, la sivyo hata ufanye vizuri vipi watasema umeitupia kwenye mkono wa koti.

Ukishaweza kuibana, kaa nayo. Mmarekani T. Nelson Downs aliyezaliwa 1867, waliyekuja kumwita Mfalme wa Sarafu, alianza akiwa mpiga telegrafu wa reli kule Iowa, kazi ya kusubiri sana, na kwenye kusubiri huko mikono yake ilikuwa na sarafu. Wewe tembea nayo toka Kabwe mpaka Mafiati ukiwa umeibana, salimiana na watu, pokea simu, lipa bajaji kwa mkono huo huo. Siku utakayogundua imekaa mkononi na ulikuwa umeisahau, siku hiyo mkono wako umeacha kukakamaa.

Wazazi wanatuuliza sana kama hiki kitu ni uchawi. Hapana. Ni mikono, macho na mazoezi, na tunamfundisha kila mwanafunzi aseme hivyo mwanzo wa shoo kwa sauti, hasa akienda vijijini Rungwe au Mbozi ambako bibi anaweza kuogopa kweli na mtoto asilale usiku. Kusema hakuharibu kitu, watu wakijua ni ujanja wa mkono wanakazana kuangalia zaidi na wakikosa kuona wanafurahi zaidi.

Darasa letu ni Jumamosi saa nane mchana, Mwanjelwa, kikundi kidogo ili kila mtu arekodiwe na aangaliwe. Njoo na mia tano zako nne na simu yenye chaji, kama una video uliyoshtukiwa njoo nayo tutaiangalia pamoja, hiyo inatusaidia kuliko maelezo. Mwenye shoo ya harusi au kipaimara karibuni aje mapema, wiki moja haitoshi kurekebisha mkono. Na tunaomba tueleweke kwenye hili: anayetaka kujifunza ili akachezeshe karata tatu stendi au kubadilisha chenji za watu dukani hatumpokei, na tukigundua katikati ya kozi tunamrudishia hela yake anaondoka.