Sabuni ya kuogea ipimwe kostiki kabla ya kuuzwa

Mhariri,

Wanaotengeneza sabuni za miche nyumbani wameongezeka, na wengi huziuza zikishaganda tu. Kuganda si kipimo. Sabuni iliyozidi kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huganda vizuri, huwa ngumu na kumeguka kisu kinapopita, kisha humchubua anayeiogea.

Chanzo kikubwa ni kubadili mafuta bila kubadili kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki. Kilo 1 ya mawese hula 141 tu. Ukipeleka kipimo cha nazi kwenye mawese, gramu 42 zinabaki hazina mafuta ya kuzishika. Na wanaopima kwa kikombe wajue kikombe cha chenga ndogo hubeba kostiki nyingi kuliko cha mapande. Mizani, basi.

Kupima kwenyewe: subiri saa 48, kwa kuwa kabla ya hapo kostiki bado inakula mafuta. Kata mche, uangalie katikati. Unga mweupe wa juu tu ni magadi yaliyotokana na hewa, unakwanguliwa. Lakini ukiona vitone vya maji au chembe nyeupe ndani, usiviguse kwa kidole kitupu, wala usionje. Hiyo huenda ni kostiki yenyewe.

Ndani kukiwa safi, lowesha kidole, sugua palipokatwa, gusisha kwenye ncha ya ulimi. Ukisikia ladha ya sabuni tu, iko sawa. Ikikuchoma ghafla kama betri, imezidi; sukutua kwa maji mengi.

Kipimo bora ni tone la fenolfthalini ya asilimia 1, dawa ya maabara inayogeuka waridi ikikuta kostiki, palipokatwa muda huo huo: waridi iliyokolea ni kostiki. Usilitie kwenye maji ya sabuni, maana sabuni yoyote ikiyeyuka majini hutoa alkali (kemikali za jamii ya kostiki) kidogo, na nzuri nayo itageuka waridi. Karatasi za pH, zinazobadili rangi kuonyesha asidi au alkali, 7 ikiwa katikati, hazitoshi. Sabuni nzuri husoma 9 hadi 10, na anayeikamulia limau ili ifike 7 anaivunja iwe asidi za mafuta, si sabuni tena.

Iliyozidi haitupwi. Iparuze, tia maji kidogo, pika kwa moto mdogo huku ukiongeza mafuta. Zile gramu 42 humalizwa na mawese gramu 300. Tia 350 ngozi ipate ahueni. Ikipoa, pima upya.

Tunawaomba wauzaji waandike kwenye karatasi ya sabuni aina ya mafuta na tarehe iliyomiminwa.

Watengeneza sabuni,
Kigoma