Kwa wauguzi wa Kusini mnaokwenda kusomea dawa za saratani

Wanangu,

Nimesikia mmeteuliwa, nami nimefurahi. Enzi zetu mgonjwa wa Newala au Nachingwea alikuwa hana njia ila kupanda basi mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengine safari yao iliishia kwenye kutafuta nauli.

Mtafundishwa kuvaa glovu jozi mbili na gauni, kukokotoa dozi kwa urefu na uzito, na wawili kuhakiki jina na dawa kabla ya kufungulia dripu. Mtaambiwa kuwa vincristine, mojawapo ya dawa hizo, ni ya mshipani tu, ikiingia uti wa mgongo inaua. Hayo walimu wenu watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nina ugomvi na neno moja: vumilia.

Nilikuwa kazini miaka mingi tayari, najiona fundi. Mama mmoja mkulima wa korosho, saratani ya titi. Nikamwekea kanula, kile kimrija cha mshipani, mgongoni mwa kiganja, nikaanza kusukuma doxorubicin, dawa ile nyekundu kama juisi ya rozela. Katikati akasema kwa sauti ndogo, "Sista, panawaka kidogo." Nikamjibu, "Vumilia mama, inaisha sasa hivi." Akavumilia. Dawa ilikuwa inavuja nje ya mshipa. Siku zilivyokwenda ngozi ikawa nyeusi, ikachimbika mpaka kano zikaonekana. Nilipokwenda kumwomba radhi akaniambia, "Si kosa lako, mimi ndiye sikusema." Alisema, wanangu. Alisema, nami nikamnyamazisha.

Huku kwetu mwanamke husifiwa kwa kunyamaza. Anayekwambia "kidogo", mara nyingi ameshaumia sana. Ukimuuliza "Unaumwa?" atajibu "Hapana," kwa adabu tu. Kwa hiyo kabla hujaanza mwambie, "Hapa pakiwaka, pakiwasha au pakivuta, uniambie hapo hapo, hata mara kumi." Kisha sogeza khanga, tazama pale kanula ilipo, usitazame chupa peke yake. Ukiona shaka, simamisha. Usikimbilie kuchomoa kanula: vuta kwanza kwa sindano kile kinachorudi, halafu mwite daktari. Doxorubicin hukandwa kwa baridi, vincristine kwa joto. Msije mkazibadilisha.

Uvumilivu huohuo humfuata mgonjwa nyumbani. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dawa, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hushuka, na homa ya nyuzi 38 siku hizo ni ya kukimbiza hospitali usiku huohuo. Yeye atadhani ni malaria, atameza panadol, atasubiri kukuche. Basi msimweleze yeye peke yake. Mwiteni na mwenye kushika fedha ya nyumba, maana huku fedha huja na mnada wa korosho, na homa haijui msimu. (Mume akisema "tutaona", msimwache atoke mlangoni na jibu hilo.)

Mimi nilianza kuwauliza, kabla sijamwandikia mtu tarehe ya kurudi: nauli ya dharura iko wapi? Wengine walicheka. Bibi mmoja wa Tandahimba alifungua pindo la khanga akanionyesha, akalifunga tena.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Mtwara