Usinunue giaboksi peke yake

Malindi

Kwa ndugu yangu Athmani, Mokowe,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakuulizia kila wiki, na maembe yameanza kushuka bei. Baada ya salamu, nimepata ujumbe wako kwamba pikapu yako imeanza kuteleza gia na unataka ufanye kama mimi: utoe giaboksi ya oto, ile inayobadilisha gia yenyewe, utie ya gia za mkono. Kabla hujamwita fundi, keti kitako unisome mpaka mwisho, maana uliyoyasikia kwa watu ni nusu ya habari.

Yangu ilianza vivyo hivyo. Natoka Marafa na maembe, mzigo umefika juu ya kingo, injini inalia wee na gari halisogei, kama punda wa Amu aliyebebeshwa mawe akagoma. Nikachomoa kijiti cha oili. Ile oili nyekundu imekuwa kahawa iliyolala kwenye dele, na inanuka kuungua. Fundi aliyeifungua akanionyesha vumbi jeusi chini ya trei, akaniambia klachi za ndani zimekwisha. Hapa Malindi mafundi wa kufungua oto wanahesabika, wa gia wako chini ya kila mwembe. Tena betri ikikufia Marafa, gari la oto hulisukumi likawaka, lakini la gia unataka vijana wanne na mteremko tu. Basi nikaamua.

Kosa langu ni hili: nilikwenda Mombasa nikanunua giaboksi. Giaboksi peke yake! Ni kama kununua mlango bila fremu wala bawaba. Nilirudi Mombasa mara nne, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, kila safari kwa kitu ambacho mwenye duka angenitupia bure kama ningenunua vyote siku ya kwanza.

Gari la oto, Athmani, halina flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Lina bati jembamba lenye meno, na nyuma yake lile pipa la oili linalozungusha giaboksi. Yote hayo yanatoka. Unatia flaiwili, sahani ya klachi, presha pleti na beringi yake, na bolti za flaiwili zenyewe, maana za lile bati ni fupi na hazifai. Kisha pedali. Breki ya oto ina pedali pana kama kibao cha mbuzi, lazima itoke upate nafasi ya miguu mitatu. Masta silinda ya klachi ukutani, ndogo yake kule chini, na mpira wa kuziunganisha. Propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nayo ikakataa, urefu hauwiani. Na ule mwamba wa chuma unaobeba giaboksi ukawa na matundu pasipohitajika. Kila kimoja safari yake.

Lakini kilichonikomesha ni kidude cha ukubwa wa sarafu. Siku ya sita, giaboksi iko juu ya jeki, fundi amelala chali, mimi na kijana wake tunasukuma. Inaingia inaingia, halafu inatulia. Fundi akasema tusilazimishe. Akaishusha, akatia kidole nyuma ya kranki, ule mhimili wa injini unaozunguka, akanyamaza kidogo. Palikuwa na shimo tupu. Shafti ya giaboksi ya gia huegemeza ncha yake kwenye beringi ndogo mle ndani ya kranki, na injini iliyotoka kiwandani na oto haikutiwa hiyo beringi kwa kuwa haikuihitaji. Tungefunga hivyo hivyo, shafti ingecheza na giaboksi isingemaliza msimu wa maembe.

Tukaenda kwa mtu mwenye injini iliyokufa ya gari la gia, tutoe yake ituonyeshe saizi. Beringi imezama, huna pa kuishika. Fundi akaagiza mkate. Nikadhani ana njaa! Akaunyofoa vipande, akavishindilia kwenye tundu la katikati ya beringi, akachukua kipande cha nondo kinachoenea tundu lile barabara, akagonga. Akaongeza mkate, akagonga. Mtoto wa pale akauliza mbona wanailisha injini. Kugonga mara ya kumi hivi, beringi ikaanza kutoka yenyewe, inasukumwa na mkate kwa nyuma, taratibu kama jino bovu. Wengine hutumia grisi, lakini ile hukurukia usoni. Nenda ukawaambie mafundi wa mashua huko wakuchekee, lakini wajaribu.

Baada ya hapo giaboksi iliingia kama mkono kwenye mfuko. Tukatia oili ya giaboksi, ya 75W-90, tukatoa hewa kwenye klachi, nikapanda na bismillahi, nikazungusha ufunguo. Kimya. Fundi akapima betri, akafungua stata, akaifunga, jua likatua. Kesho yake fundi wa umeme alicheka tu. Gari la oto haliwaki ila likiwa kwenye P ya kuegesha au N ya huru, na swichi inayoliambia hivyo ilikuwa kwenye giaboksi tuliyoitupa. Akaunganisha nyaya mbili, likawaka. Nyaya za taa ya rivasi nazo alizitoa humo humo.

Mimi nikaridhika, nisijue nimejitega. Juzi mpwa wangu kalitia ufunguo likiwa kwenye gia ya kwanza, hakukanyaga klachi. Likaruka likalibamiza pipa la maji la bibi yake. Pipa hakuna tena. Sasa nyaya zile nimezipitisha kwenye swichi ya pedali ya klachi, na nakusihi wewe uanzie hapo. Mpwa mwenyewe leseni yake ni B1, ya oto, kwa hiyo mpaka afanye mtihani wa B2, ya gia, ananipakilia maembe tu, haendeshi. Amenuna.

Raha yake? Ninaposhuka na mzigo naweka gia ya pili, injini inalishika gari, breki zinapumzika. Karaha ni foleni ya Mtwapa. Goti langu la kushoto lilikuwa limesahau kazi miaka saba.

Sasa yako. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Yangu ni Hilux ya zamani, injini ya 3L, pampu ya dizeli ni ya chuma na waya, haina kompyuta ya kuulizia giaboksi imekwenda wapi. Yako umeniambia ni D-4D, ile dizeli mpya zaidi ya Toyota. Hiyo ina kompyuta, na ukitoa oto itabaki ikiitafuta: taa itawaka kwenye dashibodi, pengine nguvu nayo ipungue. Kwako wewe tafuta gari zima la gia, injini ile ile, lililogongwa nyuma au ubavuni, ulinunue lote, kompyuta na nyaya zake zikiwemo. Ukilikosa, bora utengeneze hiyo hiyo oto, wala usione haya. Kwanza mwambie fundi aangalie oili yake. Kama bado nyekundu na haina harufu, huenda imepungua tu.

Na kabla ya yote fungua boneti, tafuta kile kibati cha kiwanda, unipigie picha. Kuna herufi za giaboksi pale, zikianza na A ni oto. Nitakwenda nayo Mombasa Alhamisi, kuna mtu ana D-4D imelalia ubavu nataka kumwuliza.

Nisalimie wote nyumbani. Halua usisahau.

Ndugu yako,
Salim