Wanatupa ibada yetu wenyewe. Nikubali?

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kutoa jibu, na kila nikipiga magoti, jibu ninaloinuka nalo ni tofauti na la jana. Naomba unisaidie.

Mimi ni mwanamke mweusi, na kwa miaka saba nimesali katika kanisa ambalo washirika wake wengi ni weupe. Sisi weusi tunafika kama thelathini. Nilikuja mara ya kwanza kwa sababu ya mahubiri, nikabaki. Nafundisha watoto shule ya Jumapili na naimba kwaya.

Wakati wa ibada sina la kulalamikia. Tunashikana mikono kwenye Baba Yetu, tunakumbatiana. Ibada ikiisha ndipo watu wanasimama mafungu mafungu, na ukitazama kutoka mlangoni utaona kila fungu lina rangi yake, wala hakuna aliyewapanga. Vikundi vya maombi vya nyumbani navyo ni vivyo hivyo. Katika miaka yote hiyo nimeingia nyumba mbili tu za ndugu zangu weupe, na mojawapo niliingia kwa kuwa mwenyewe alikuwa mgonjwa. Tena niseme ukweli mbele za Mungu: mimi mwenyewe nimewakaribisha kwangu watu watatu tu.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni. Akasema wazee wameona hatuko huru, na wangependa tuwe na ibada yetu ya alasiri, kwa lugha yetu na nyimbo zetu, mimi niiongoze. Alisema kwa upole, machozi yakimlenga. Naamini anatupenda. Angekuwa na nia mbaya ningejua la kufanya siku ileile.

Wenzangu hawako upande mmoja. Mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, nimechoka kuomba kwa lugha ya kuazima. Nataka kumlilia Mungu bila kutafutatafuta maneno." Nilishindwa kumjibu, maana na mimi nimechoka. Nimechoka kuwa yule anayeulizwa maana ya kila jambo linalowapata watu weusi, kana kwamba nimetumwa na wote. Nimechoka kutabasamu mtu akisema neno la kuumiza bila kujua, nisije nikaonekana mwenye uchungu moyoni. Mama yule akiondoka kwa uchovu, atakuwa ameondoka huku mimi nikishikilia msimamo.

Yuko na kijana anayesoma sana. Alinikumbusha habari za Richard Allen na Absalom Jones, wahubiri weusi wa kule Philadelphia, Marekani, mwishoni mwa karne ya 18, jinsi watu weusi walivyoinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti kwa sababu walikuwa mahali walipotengewa weupe. Wakatoka, na mwaka 1816 Allen na wenzake wakaunda kanisa la African Methodist Episcopal. "Dada," akaniambia, "kuwa na kanisa letu si dhambi. Ndilo lililowahifadhi watu wetu." Sina ubishi naye hapo. Ila wale walisukumwa, na sisi tunasindikizwa kwa upendo. Sijui kama tofauti hiyo ni kubwa au ndogo, lakini inanikosesha usingizi.

Linalonitisha zaidi ni la Afrika Kusini. Mwaka 1829 sinodi, yaani mkutano mkuu, ya kanisa la Dutch Reformed, kanisa la Kiprotestanti lenye asili ya Uholanzi, ilikuwa imeamua kwamba meza ya Bwana ni ya washirika wote, bila kubagua rangi wala asili. Mwaka 1857 sinodi ikakiri kwamba hivyo ndivyo Maandiko yanavyotaka, kisha, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, ikaruhusu wasio weupe wakusanyike katika jengo lao. Ilikuwa ruhusa tu, ya kuwahurumia waliokwazika. Miaka 24 baadaye, mwaka 1881, wale waliotengwa walikuwa tayari wameundiwa kanisa lao kabisa. Karne iliyofuata ubaguzi wa serikali ukapata watetezi wa kutumia Biblia ndani ya kanisa hilohilo. Watoto wa kanisa lililotengwa ndio walioandika Ungamo la Belhar, tamko lao la imani, na kulipitisha mwaka 1986, wakitamka kwamba umoja wa kanisa lazima uonekane kwa macho. Kila nikimkumbuka mzee wetu na sauti yake ya upole, nawaza pia wale wa 1857. Pengine na wao walikuwa wapole.

Narudi kwenye Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaanzishia kanisa lao la alasiri. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia huduma ile, na majina yao yote, kuanzia Stefano, ni ya Kiyunani. Waliokuwa wakinung'unika wakakabidhiwa kazi. Kwetu katika baraza la wazee hakuna mweusi hata mmoja, na hakuna wimbo wetu uliowahi kuimbwa isipokuwa siku ya wageni.

Kuna jambo moja zaidi. Baba yangu alipofariki, bibi mmoja mweupe ambaye hukaa nyuma yangu kanisani alikuja kwangu siku tatu mfululizo. Hakuhubiri. Aliosha vyombo, akakaa. Siku ya tatu aliniomba nimweleze baba alikuwa mtu wa namna gani, nikazungumza mpaka giza likaingia. Wiki iliyopita nilimweleza habari ya ibada ya alasiri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na mimi siku hiyo nitaruhusiwa kuja?"

Mchungaji, nawaza kuwajibu wazee hivi: tuombe kwa lugha yetu siku moja katikati ya juma, mlango wazi kwa yeyote, lakini Jumapili na meza ya Bwana zibaki moja, na wawili kati yetu waingie barazani. Je, hilo ni jibu la imani, au ni woga wangu wa kuchagua? Na wazee wakikataa sharti la baraza na kusisitiza ibada ya alasiri, niiongoze kwa ajili ya mama yule, au nibaki asubuhi peke yangu? Niambie pia namna ya kumweleza mzee wetu habari za 1857 bila kumfanya aone namwita mbaguzi. Ni ndugu yangu, sitaki kumpoteza.

Tafadhali nijibu kabla mwezi haujaisha.

Dada yako katika Kristo