Hasira za mwanao

Rafiki yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia, na wasiwasi wako juu ya mwanao wa miaka 2, kula kwake na hasira zake, nimeuona, ndiyo maana sikutaka kuchelewa kujibu.

Kwanza hilo la kula. Unasema zamani alikuwa akimaliza bakuli, sasa anaonja vijiko viwili na kugeuza uso. Mtoto hukua mbio sana mwaka wa kwanza. Akiutimiza, uzito wake huwa karibu mara 3 ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili mwendo hupungua, huongeza kilo 2 na ushei tu, na hamu ya kula nayo hushuka. Usimfukuze na kijiko nyumba nzima. Kaeni mle pamoja, akishiba mwache ashuke. Maadamu kliniki wanaona uzito unapanda vizuri, kula kwake kunamtosha.

Sasa hizo hasira. Mtazame anapovaa kiatu mwenyewe: mguu anajua unaingia wapi, lakini vidole vya mkono havijapata ustadi, kisigino kinakikunja kiatu. Ukinyoosha mkono kumsaidia, anajibwaga chini na kugaragara. Akili imetangulia, mikono imebaki nyuma, na maneno ya kukuambia "niache nijaribu" hana. Tena sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia huchelewa mno kukomaa, hata vijana wa miaka 20 bado yao haijakamilika. Huyo wa miaka 2 ataitoa wapi? Chuchumaa karibu naye, umtajie kinachomkera: "Umekasirika, kiatu kimekataa." Leo hatanyamaza kwa hayo, ila maneno anayaokota, na siku moja atayatumia badala ya kupiga mayowe. Akikupiga, mzuie mkono bila kumpiga.

Unasema pia hataki wenzake waguse vitu vyake. Wala si mchoyo. Umri huu watoto hucheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na lake, huku wakichunguliana. Wengi huanza kujitambua kwenye kioo wakiwa na miezi 18 hivi. Ndiyo kwanza amegundua kwamba yeye ni yeye, lazima kila kitu kiwe "changu"! Lakini umeandika pia kwamba mwenzake alipolia alimpelekea mwanasesere wake. Hilo mimi limenifurahisha kuliko yote.

Ukitoka, muage hata kama atalia. Ukitoroka atazidi kukung'ang'ania, kwa kuwa hatajua ni saa ngapi utapotea tena.

Watoto hawalingani, kwa hiyo wa jirani mwache na yake. Ila angefika miezi 18 bila kutembea, au angetimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili kama "maji yangu", ningekuambia umwone daktari. Na akianza kupoteza maneno aliyokwisha kuyajua, nenda mara moja, usingoje.

Niandikie analalaje siku hizi, maana hukulitaja, na mtoto aliyekosa usingizi wa mchana hasira zake huwa maradufu. Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye