Manjano na kansa: mbona hamsemi kiasi?

Mhariri, salamu. Hii stori ya manjano kuzuia kansa naona mnairudia rudia, sasa naomba na mimi niseme kitu ambacho huwa mnakiruka kila mara, kiasi.

Inayosifiwa ni kurkumini, ndo inayoyapa manjano ile rangi. Kwenye unga ni kama asilimia 3 tu, na hiyo hiyo ukiila haifyonzwi vizuri, ini nalo linaivunja fasta, kwenye damu zinabaki chenga. Wanaosema changanya na pilipili manga wana hoja, utafiti wa 1998 ulionyesha piperini, ile kemikali iliyo kwenye pilipili manga, inaipandisha kwenye damu mara 20 hivi, lakini mara 20 ya kitu kisichoonekana bado ni kidogo jamani.

Huko maabara seli za kansa zinamwagiwa kurkumini moja kwa moja, zinakufa, basi kichwa cha habari kishapatikana. Hata sabuni ukizimwagia zitakufa!

Tuje kwa binadamu. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2011, wavuta sigara walipewa kurkumini siku 30, waliomeza gramu 4 kwa siku vile vidoa vya mwanzo kwenye utumbo mpana, ambavyo vinaweza kuja kuwa kansa, vilipungua asilimia 40, wa gramu 2 hawakupata kitu. Inatia moyo, sibishi, ila hakukuwa na kundi la vidonge visivyo na dawa la kulinganisha, na kidoa sio kansa. Halafu gramu 4 hizo ukizitafuta kwenye unga wa jikoni ni zaidi ya gramu 130 kila siku, nani anakula hivyo? Mwaka 2018 ukatoka mwingine, watu wenye ule ugonjwa wa kurithi wa kuota vinyama kwenye utumbo walipewa gramu 3 kwa siku mwaka mzima na hawakutofautiana na waliomeza vidonge tupu. Huo sijaona mkiuandika.

Kuna atakayesema basi nanunua vidonge. Hapo ndo naogopa, maana wapo walioumia ini kwa vidonge hivyo hasa vyenye piperini, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au uko kwenye kimotherapi usianze kumeza bila kumuuliza daktari wako.

Kwenye chakula wekeni tu, sina ugomvi. Ila mkiandika tena, semeni ni gramu ngapi na alipewa nani, mtu au panya.

Msomaji wenu.