Mboji yako haijaibiwa, imechekechwa

Msimu wa mvua ukikaribia, iwe Machi au Septemba, sisi tunaochekecha mboji kwa malipo tunapata simu zilezile za malalamiko. Mteja ametuita kwake, Gayaza au Mukono huku Uganda, ana lundo la mboji kama magunia ishirini hivi, vijana wamechekecha toka asubuhi, jioni akihesabu anakuta kumi na nne anasema tumemwibia, halafu bado tunadai hela ya magunia ishirini! Mama mmoja alikasirika mpaka akaita jirani aje kuwa shahidi.

Jamani, yale sita yako hapohapo kwenye turubai. Mawe, vijiti, kokwa za maembe, maganda ya matoke ambayo hayajaoza, kavera (mifuko ya plastiki), vipande vya chupa, betri za tochi. Yule mama tulimkunjulia turubai akaona mwenyewe. Na ukishatoa vijiti mboji inalala vizuri, gunia linameza kingi kuliko mwanzo.

Tunatoza kwa gunia linaloingia kwenye chekecheke kwa sababu kazi iko hapo, kila koleo lazima lirushwe kwenye waya, litikiswe, mabaki yatolewe pembeni. Tukitoza kwa kinachotoka, njia rahisi ya kupata hela ni kuweka waya wenye matundu makubwa na kusukuma kila kitu kipite, na wapo wanaofanya hivyo, wanakuja na waya wa kuku, bei nusu ya yetu, mteja anafurahi magunia hayajapungua. Mzee mmoja huku kwetu alifanya hivyo akamwaga kwenye tuta la karoti. Lumbugu, yale magugu ya nyasi yanayotambaa, ndiyo ilitangulia kuota, maana kipande kidogo tu cha mzizi wake kinatosha kuanza upya, na karoti zenyewe zilipokutana na mawe zikagawanyika miguu miwili mitatu, sokoni hakuna aliyezitaka. Alilipa vibarua kung'oa lumbugu msimu mzima, ndipo akatuita. Bei yetu hakuiona kubwa tena.

Wengine wanakimbilia upande wa pili, wanachukua waya wa dirishani wa kuzuia mbu wakidhani laini zaidi ndiyo bora zaidi. Hapana. Kinachotoka hapo ni vumbi, ukimwagilia linashikamana, maji yanasimama juu, mizizi haipati hewa, na miche ya nyanya au ya mboga ya nakati inapata ugonjwa wa kinyausi, inakatikia shingoni na kulala chini. Sisi kwa trei za mbegu tunatumia matundu ya robo inchi, kwa matuta na vyungu nusu inchi, na waya tunaukaza kwenye fremu ya mbao usibonyee katikati. Ukibonyea matundu yanapanuka, kwa hiyo tukikuona unaponda mabonge juu ya waya kwa koleo tutakuzuia hata kama chekecheke ni lako.

Kuna jambo linalotugombanisha na wateja wengi, mboji iliyolowa kwa mvua ya jana. Hiyo hatuchekechi, hata ukisema una haraka. Inaziba waya, ukisugua inakuwa vidonge vidogo vinavyokauka vigumu kama kokoto. Chukua kiganja kimoja ukaminye: maji yakitoka, ianike kwanza, ikishikana halafu ukiigusa kwa kidole inavunjika, hapo tuite. Ikiwa kavu kabisa pia mbaya, sehemu laini inapeperuka na vijana wanavuta vumbi, ndiyo maana utawaona wananyunyiza maji kidogo na kufunga kitambaa puani, sio kwamba wanapoteza muda.

Mabaki ni yako, hatuondoki nayo. Maganda na vijiti ambavyo bado havijaoza rudisha kwenye lundo jipya au weka chini ya migomba, vitasaidia kuozesha mengine. Mizizi ya lumbugu usirudishe, iache juani mpaka ikauke kabisa. Kavera, chupa na betri toa shambani.

Kabla ya kutupigia, ingiza mkono katikati ya lundo. Kama bado kuna joto, haijaiva, igeuze usubiri, tukija sasa nusu itabaki kwenye waya na utalipa mara mbili. Ikiwa imepoa na inanukia udongo, ifunike na turubai usiku ule mvua isiiguse, tutafika asubuhi na fremu zote mbili.